Supu ya Changu ya Bakuli Moja, kwa Anayekula Peke Yake

Tangu marehemu baba atutoke, mamangu aliacha kupika usiku. Kila nikipita kwake baada ya Isha nilimkuta na chai ya rangi na mkate wa jana. Nikimuuliza, hunijibu, "Mwanangu, sufuria nzima kwa mtu mmoja ya nini?" Hatimaye presha ikampanda, tukampeleka hospitali usiku wa manane. Daktari hakusema mengi. Apunguze chumvi, na ale chakula cha maana.

Najua si yeye peke yake. Hapa Mombasa wako wajane, vijana wa chumba cha kupanga na wafanyakazi wa zamu ambao kila usiku chakula chao ni viazi karai na chai. Basi tuliingia jikoni, mimi na yeye, tukaitafuta supu ya bakuli moja isiyozidi nusu saa. Ni hii.

Mahitaji

- Changu mdogo mmoja, kama robo kilo, aliyeparwa magamba, akasafishwa na kukatwa vipande viwili
- Maji kikombe kimoja na nusu
- Nusu kitunguu maji, nyanya moja na karoti ndogo moja
- Thomu punje mbili na kipande kidogo cha tangawizi, vyote vimepondwa
- Bizari ya manjano na pilipili manga, kidogo kidogo
- Pilipili mbuzi moja nzima
- Konzi moja ya mchicha uliokatwa
- Mafuta kijiko kimoja cha chai
- Chumvi robo kijiko cha chai
- Ndimu moja na dania

Namna ya kupika

1. Kaanga kitunguu kwa dakika 2. Tia thomu, tangawizi na nyanya, ukoroge dakika 3 hadi nyanya ilainike.
2. Mimina maji, kisha tia karoti, bizari, pilipili manga, chumvi na pilipili mbuzi. Usiipasue hiyo pilipili mbuzi, kwani tunataka harufu yake tu. Funika, ichemke dakika 8.
3. Punguza moto, mtie samaki, ufunike dakika 7 au 8. Usikoroge, atavurugika. Nyama ikishakuwa nyeupe na kuachana na mwiba, ameiva.
4. Tia mchicha kwa dakika moja, kisha uepue. Ndimu na dania hutiwa baada ya kuepua. Ndimu ikichemshwa sana ladha yake hubadilika.

Kwa mzee, toa miba kabla ya kumwandalia.

Siri iko kwenye chumvi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote alivyokula. Vidonge vya supu vya dukani vina chumvi nyingi. Soma karatasi yake, utaiona imetajwa miongoni mwa vitu vya mwanzo. Samaki mbichi na tangawizi havihitaji kidonge.

Usiku wa kwanza mamangu alionja akanitazama. "Hii umeitia chumvi, au umeionyesha tu?" Nikamkamulia ndimu zaidi. Akanyamaza, akaimaliza.

Samaki akikosekana

Wakati wa kusi bahari huchafuka, samaki huadimika na bei hupanda. Hapo tumia adesi, zile dengu nyekundu ndogo. Osha robo kikombe, ongeza maji yafike vikombe viwili, na ufuate njia ile ile bila samaki. Huiva kwa dakika 15 hadi 20, wala hazihitaji kurowekwa.

Ukinunua samaki, tazama macho: yawe maangavu, si ya ukungu. Inua shavu, ndani pawe pekundu. Mbonyeze kwa kidole, nyama irudi mahali pake. Na kwa joto letu hili, usiilaze supu ya samaki nje hadi asubuhi. Ndiyo faida ya kupika bakuli moja: hakibaki kiporo.

Mwenye maradhi ya figo, au anayetumia dawa za presha, asikilize kwanza masharti ya daktari wake. Supu si dawa, na vidonge vya hospitali visiachwe.

Juzi nilipita kwa mamangu bila kumwarifu. Chai haikuwepo mezani. Kile kisufuria kidogo kilikuwa kimeoshwa, kimefudikizwa kando ya jiko.