Yatima Waliokuwa na Mama

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna swali moja tunalolipenda sana. Mtu akishakutajia jina lake, unamwuliza: kwenu wapi? Akikujibu Dar au Mombasa humwachi. Unamwambia hapana bwana, kwenu kabisa, kwa babu yako. Wengi wetu tunajibu bila hata kufikiri: Moshi, Kisumu, Songea, Bukoba. Lakini tunao wenzetu ambao jibu lao linaishia kwenye lango la misheni. Babu au bibi wa nne alifika pale akiwa mtoto, hana kitu mkononi, na habari za nyuma ya hapo hazisimuliwi. Nazungumzia Mbweni na Kiungani kule Unguja, nazungumzia Bagamoyo, na Freretown pale Mombasa.

Je, madaftari ya nyumba hizo za watoto yanaweza kumrudisha mtu kwao? Nasema yanaweza, ila ayasome kwa kushuku. Na neno la kwanza la kulishuku ni hilo hilo "yatima".

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1864 wamisionari wa UMCA, Askofu Tozer na Edward Steere (huyu huyu aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili), walifika Unguja. Sultani Majid akawapa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao ndiye aliyekuja kuitwa John Swedi, na baadaye akapewa daraja la ushemasi. Shule ikaanza na watoto hao. Baadaye wavulana wakawa Kiungani na wasichana Mbweni. Mwaka 1868 mapadri Wakatoliki wa Roho Mtakatifu wakafungua makao Bagamoyo, na wao walikuwa wakiwakomboa watoto hata kwa kuwanunua. Baada ya mkataba wa 1873, Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa la Unguja, CMS nao wakaanzisha Freretown kati ya 1874 na 1875. Kabla ya hapo, watoto waliokamatwa baharini walikuwa wakipelekwa mbali mpaka India, na baadhi yao wakasomeshwa Nasik.

Sasa karatasi zilitoka wapi? Hapa historia inashangaza. Mabaharia wa Kiingereza walikuwa wakilipwa bakshishi kwa kazi hiyo: paundi 5 kwa kila mtumwa aliyeokolewa, na fedha nyingine kwa ukubwa wa jahazi lenyewe. Kwa hiyo walihesabu vichwa kwa makini na wakapima jahazi kabla ya kulichoma moto. Kesi zikapelekwa mbele ya balozi, zikaandikwa. Leo mjukuu anaweza kujua jahazi lilikamatwa lini na wapi kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akidai malipo yake!

Kwa hiyo mtoto mmoja anaweza kuwa na karatasi za aina tatu. Kwanza ni za manowari na ubalozi. Hizi hazimjali yeye kama yeye. Zinasema wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, watoto kadhaa. Pili ni daftari la misheni: amepokelewa lini, anakadiriwa miaka mingapi, kabila gani. Tatu ni vitabu vya ubatizo na ndoa. Ukiwa na bahati utaziunganisha zote tatu. Tarehe ya jahazi inakupeleka kwenye tarehe ya kupokelewa, na hiyo inakupeleka kwenye ubatizo. Ni kazi ya kwenda nyuma hatua kwa hatua, kuanzia jina unalolijua.

Matatizo yanaanzia kwenye jina hilo. Chukua mfano wa Matthew Wellington, mmoja wa vijana wa Nasik waliousindikiza mwili wa Livingstone hadi pwani, ambaye alifariki Mombasa mwaka 1935. Kwao Uyao aliitwa Chengwimbe. Mwenzake Jacob Wainwright, Myao pia, aliingia na jeneza la Livingstone katika Westminster Abbey mwaka 1874 akiwa na jina ambalo hakuna Myao angelitambua. UMCA walikuwa na nafuu kidogo, maana wengi wao walibaki na jina la pili: Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri, mwaka 1890, alikuwa Myao pia. Lakini usishangilie mapema. Majina kama Majaliwa, Mabruki, Feruzi na Baraka ndiyo waliyopenda kupewa watumwa hapa pwani. Kwa hiyo hata pale unapoona jina "la Kiafrika" kwenye daftari, inawezekana mama yake hakulijua.

Kabila nalo hivyo hivyo. "Mnyasa" kwa watu wa pwani aliweza kuwa mtu yeyote aliyetoka upande wa ziwa. Mtoto wa miaka sita au saba anajua jina la kijiji, jina la mto, jina la mjomba. Karani anataka neno moja la kujaza nafasi. Nani unadhani alishinda?

Na hapa ndipo narudi kwenye yatima. Mwaka 1887 A. C. Madan, mtu wa kamusi, alichapisha kitabu kiitwacho Kiungani. Ndani yake mna masimulizi ya wavulana wa shule ile, kila mmoja akieleza kwao, jinsi alivyotekwa au kuuzwa, na safari yake mpaka pwani. Ukiyasoma unakutana na baba, mama, ndugu, shangazi. Hawa hawakuwa watoto waliofiwa tu. Wengi waliibwa, na yawezekana kuna mama aliyekufa mzee huku akiangalia njia. Neno yatima lilifaa kwa wafadhili wa Ulaya, lakini kwa ukoo liliweka nukta pale palipostahili alama ya kuuliza.

Je, kuna aliyewahi kufika mwisho wa njia hii? Wapo, na mfano ninaoupenda unatoka kusini kabisa. Mwaka 1888 manowari HMS Osprey ilikamata majahazi yaliyokuwa yakiwavusha watoto wa Kioromo kutoka Ethiopia kwenda Uarabuni. Watoto wakapelekwa kwenye misheni ya Waskoti karibu na Aden, na mwaka 1890 wapatao 64 wakahamishiwa Lovedale, Afrika Kusini. Mwaka huo huo waliulizwa mmoja mmoja kwa maswali yale yale: baba na mama ni nani, mlikaa wapi, nani alikuchukua, nani alikuuza. Msichana mmoja aliitwa Bisho Jarsa. Alipozeeka alikuwa akisema peke yake kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa, na wajukuu wakaambiwa bibi anaongea na Mungu. Mjukuu mmoja ni Neville Alexander, msomi na mwanaharakati aliyefungwa miaka 10 Robben Island. Alikuwa mtu mzima alipojua kuwa lugha ile ilikuwa Kioromo. Mtafiti Sandra Shell alizichambua kumbukumbu hizo katika kitabu chake cha 2018. Tofauti ya Lovedale ni kwamba aliyeshika kalamu alimwuliza mtoto, kisha akaandika jibu lake.

Watoto wetu nao waliulizwa, angalau baadhi yao. Ila karatasi za UMCA ziko Oxford, za CMS ziko Birmingham, za mapadri wa Bagamoyo ziko Chevilly-Larue karibu na Paris. Nyingine ziko Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Profesa wa Ulaya anapanda basi asubuhi na kuzisoma. Mjukuu wa Mbweni anahitaji viza, nauli, na mtu wa kumsomea Kifaransa. Hii si haki, jamani. Hizi si karatasi za wamisionari peke yao. Majina yaliyomo ni ya watu wetu, na nakala zake zilipaswa kuwa Unguja, Bagamoyo na Mombasa zamani sana.

Wakati tunadai hilo, kuna daftari moja lisilohitaji viza. Waulize wazee majina yote ya marehemu bibi, si lile la ubatizo tu. Uliza nyimbo alizokuwa akibembelezea watoto, na maneno ambayo hakuna aliyejua maana yake. Yaandike kama yanavyotamkwa, hata kama yanaonekana upuuzi. Huenda kuna mtu Masasi, au ng'ambo ya Ruvuma, au kando ya Ziwa Nyasa, atakayeyasikia na kukuambia: karibu, hiki ni Kiyao, hapa ndipo kwenu.