Kartoni ya kolekta: pesa yako inalipa nini?

Wandugu wa promosheni, hapa Mutwanga vijana wanaiita "kolekta". Ni toleo la mchezo wa video lililofungwa ndani ya kartoni kubwa pamoja na sanamu, kitabu cha picha, ramani, wakati mwingine hata saa ya mkono. Diski ya kawaida ni dola 60 au 70. Kolekta inafika 200, hata 300. Mdogo wangu anatumiwa pesa kidogo na yaya yetu aliye Ulaya, akaniuliza kama anunue moja, aifiche bila kuifungua, kisha aiuze baada ya miaka kumi. Kwake ni sawa na kupanda kakao. Nikatafuta historia ya hizi kartoni, juu bila historia tutabishana tu.

Mwanzo wake ulikuwa mzuri, siwezi kukataa. Mwaka 1982, huko Marekani, kampuni ya Infocom ilitoa Deadline, mchezo wa upelelezi wa maandishi matupu, bila picha hata moja. Diski za wakati ule zilikuwa na nafasi ndogo sana, maelezo yote ya kesi hayakuweza kuingia. Basi wakayachapa kwenye karatasi na kuyatia ndani ya boksi: faili ya polisi, mahojiano ya mashahidi, mpaka kifuko cha vidonge vya uongo. Mwaka uleule Richard Garriott alidai mchezo wake Ultima II utoke na ramani ya kitambaa. Muangalie vizuri: vile vitu vilikuwa na kazi. Ukikosa zile karatasi, kesi haisongi. Tena vilisaidia dhidi ya wanaonakili, kwa sababu diski unaweza kunakili usiku mmoja, lakini kitambaa kilichochapwa ni shida kidogo.

Kisha pambo likachukua nafasi ya chombo. Mwaka 2007 Halo 3 ilitoka na kofia ya vita ya shujaa wake, na kofia yenyewe haiingii kichwani mwa mtu mzima. Mwaka 2018 kukawa aibu ya Fallout 76: watu walilipa dola 200 wakiahidiwa mfuko wa turubai, wakapokea wa nailoni. Kampuni ya Bethesda kwanza iliwapa fidia ya pesa za ndani ya mchezo, thamani ya dola 5 hivi. Kelele zilipozidi, njo wakakubali kushona mifuko ya turubai. Na mwaka 2023 Starfield ikauza kolekta ya dola 300 yenye saa ya mkono, lakini diski hamna. Ni kodi tu ya kupakua mchezo kwenye intaneti. Yaani unanunua gunia lenye picha ya mahindi, mahindi yenyewe uyafuate kwa muuzaji.

Mdogo wangu akanijibu kwa Super Mario 64. Ni kweli, Julai 2021 nakala moja ambayo haijafunguliwa iliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola milioni 1.56. Lakini ile haikuwa kolekta! Ilikuwa kaseti ya kawaida ya 1996, na mchezo ule uliuzwa kwa mamilioni. Watoto walipasua boksi, wakacheza, wakatupa kartoni. Ile moja ikawa adimu kwa sababu hakuna aliyefikiri kuitunza. Kolekta ya leo ni kinyume: kila mnunuzi anaitunza. Kijiji kizima kikificha mbegu ileile ghalani kikingojea njaa, siku ya kuuza bei itatoka wapi?

Hata michezo ya Atari iliyozikwa jalalani Alamogordo mwaka 1983 ilifukuliwa 2014 na kuuzwa kwa zaidi ya dola 100 000 kwa jumla. Takataka kabisa! Hakuna kampuni ingeweza kupanga hiyo.

Na sisi watu wa Kivu tusijifanye wageni katika habari hii. PlayStation 2 ilitoka Machi 2000, na mwisho wa mwaka ule bei ya tantali, ile inayotoka katika koltani, ilipanda vibaya sana. Huko Ulaya wengine waliandika kwamba ni vita ya PlayStation. Wamezidisha: simu na kompyuta zilitaka tantali nyingi pia, wafanyabiashara walikuwa wanaficha mali, na Australia ilikuwa inatoa tantali kuliko sisi. Lakini Masisi na Walikale watu waliacha mashamba wakakimbilia mashimo. Novemba 2000 RCD-Goma ikaipa SOMIGL peke yake haki ya kuuza koltani nje. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Mashine zikabaki madukani kwao, huku kwetu yakabaki mashimo na mashamba yenye majani. Mimi kama mtu wa kilimo, njo ninaisoma hivi: bei iliyopandishwa na hofu ya kukosa haidumu hata msimu mbili. Kakao nayo ilipita dola 10 000 kwa tani mwaka 2024, na ilishuka 2025. Tofauti ni kwamba bei ikishuka, mti wa kakao bado unazaa.

Kuna pia unyevu, jambo ambalo wauzaji wa Ulaya hawalifikirii. Kakao tunaikausha mpaka asilimia 7 au 8 ya maji ili isioze, na bado tunahangaika, hapa chini ya Ruwenzori mvua haiombi ruhusa. Kartoni ya kolekta inapimwa thamani kwa pembe zake na kwa plastiki yake. Uipitishe Kampala, kisha duane ya Kasindi ambako wataifungua tu, kisha uiweke miaka kumi chini ya bati. Utauza nini?

Basi nilimwambia hivi. Kama anaupenda mchezo, na ndani kuna kitabu atakachokisoma au ramani atakayoibandika ukutani, anunue, afungue siku ileile. Hiyo ni furaha, nayo iko na bei yake. Kwanza aulize kama kuna diski, na kama mchezo unachezeka bila intaneti. The Crew ya Ubisoft ilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na aliyeilipia, kolekta au ya kawaida, haichezi tena. Lakini katika vyumba vya Play hapa kwetu, umeme wa mtambo wa Virunga ukiwepo, PlayStation 2 za zamani zinapiga mpira mpaka usiku, na diski zilizokwaruzwa, bila boksi, zinalipiwa mechi kwa mechi.