Taasisi ya Afya Ifakara

Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana pia kwa kifupi cha IHI, ni taasisi ya utafiti wa afya nchini Tanzania. Ilianza katika mji wa Ifakara, Mkoa wa Morogoro, kama maabara ndogo ya Waswisi katika miaka ya 1956–1957. Siku hizi ina vituo pia Dar es Salaam na Bagamoyo. Inajulikana hasa kwa utafiti wa malaria na wa vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka 5. Baadhi ya matokeo yake yamechangia sera za afya za Tanzania na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani.

Mazingira

Bonde la Kilombero liko kati ya milima ya Udzungwa, upande wa kaskazini-magharibi, na nyanda za juu za Mahenge, upande wa kusini-mashariki. Miongoni mwa wenyeji wake ni Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena, pamoja na watu wengi waliohamia kutoka mikoa mingine. Zao kuu ni mpunga.

Wakati wa masika mto Kilombero hufurika na kuacha maji mengi yaliyotuama, ambamo mbu huzaliana. Msimu wa kilimo familia nyingi huhamia kwenye vibanda vya mashambani na kukaa huko kwa miezi kadhaa, mbali na zahanati. Mtoto akipata homa usiku shambani, wazazi huwa na safari ndefu kabla ya kupata dawa.

Vipimo vilivyofanywa katika kijiji cha Namawala mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilionyesha kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Mtu mzima aliyekulia hapo huwa amejenga kinga fulani, lakini mtoto mchanga bado hana. Kwa hiyo mzigo mkubwa wa malaria bondeni uliwaangukia watoto wadogo.

Historia

Mwanzilishi wa maabara alikuwa Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka mji wa Basel, Uswisi. Alifika Ifakara mwaka 1949, ambako wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi walikuwa tayari wakiendesha misheni na huduma za tiba. Mwanzoni utafiti ulihusu zaidi wadudu waenezao magonjwa, kama vile papasi wanaoeneza homa ya papasi na mbung'o wanaoeneza malale.

Karibu na uhuru wa Tanganyika (1961) kilianzishwa pia kituo cha kufundisha watumishi wa afya wa vijijini. Baadaye kituo hicho kilikabidhiwa serikali.

Katika miaka ya 1980 mkazo ulihamia kutoka kwa wadudu kwenda kwa watu wenyewe. Chini ya Marcel Tanner, aliyeongoza maabara kuanzia 1981 hadi 1985, watafiti walifuatilia afya ya watoto wa kijiji cha Kikwawila kwa miaka kadhaa. Walilinganisha mambo matatu: magonjwa yaliyoonekana watoto walipopimwa kijijini, magonjwa yaliyoandikwa kwenye kituo cha afya, na yale ambayo wanakijiji wenyewe waliyaona kuwa matatizo.

Katika miaka ya 1990 uongozi uliingia mikononi mwa Watanzania. Andrew Kitua alikuwa Mtanzania wa kwanza kuongoza kituo. Yeye mwenyewe alichunguza malaria kwa watoto wa mwaka wa kwanza wa maisha katika kijiji cha Idete. Mwaka 1996 kituo kilikuwa taasisi ya Kitanzania yenye bodi yake ya wadhamini, na mwaka 2008 kilichukua jina la sasa. Waliofuata katika uongozi ni pamoja na Hassan Mshinda, Salim Abdulla na Honorati Masanja.

Hesabu ya kaya

Vifo vingi vya watoto vijijini hutokea nyumbani na haviandikwi popote. Bila kuvijua, hakuna anayeweza kusema kama dawa au mpango fulani umeokoa maisha. Kwa sababu hiyo, mwaka 1996 taasisi ilianza kufuatilia kaya zote za vijiji 25 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vyenye wakazi wapatao 60,000.

Kila baada ya miezi 4 wahojaji walipita nyumba kwa nyumba na kuandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Tafiti nyingi zilizofuata zilitegemea daftari hizo.

Chandarua chenye dawa

Kazi ya kwanza iliyotegemea hesabu hiyo ilikuwa mradi wa vyandarua uitwao KINET. Kuanzia mwaka 1997 vyandarua na dawa ya kuvichovya viliuzwa kwa bei nafuu kupitia maduka na mawakala wa vijijini, kwa jina la Zuia Mbu. Kabla ya mradi, chini ya asilimia 10 ya watoto wachanga katika vijiji hivyo walilala ndani ya chandarua chenye dawa. Baada ya miaka 3 walizidi asilimia 50.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua hivyo viliongeza kwa asilimia 27 kunusurika kwa watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Faida ya chandarua ilikuwa imeshaonekana katika majaribio ambayo watu walipewa bure. Jambo jipya lilikuwa kwamba faida ilipatikana pia katika maisha ya kawaida, pale wazazi waliponunua wenyewe.

Hata hivyo suala la umaskini lilibaki. Pengo kati ya kaya maskini na zenye uwezo lilipungua, lakini halikwisha. Mradi ulijaribu kuwapa wajawazito na akina mama wenye watoto wadogo hati ya kupunguziwa bei walipohudhuria kliniki. Utaratibu wa namna hiyo ulienezwa nchini kuanzia mwaka 2004 kwa jina la Hati Punguzo. Kwa kuwa mama bado alitakiwa kuongeza fedha, baadhi ya maskini waliendelea kukosa. Miaka michache baadaye serikali iligawa vyandarua bure, kwanza kwa watoto chini ya miaka 5, kisha kwa kaya zote.

Upungufu wa damu

Katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, watoto wengi walilazwa kwa upungufu mkubwa wa damu uliosababishwa na malaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliwapa watoto dozi ya dawa ya SP walipokwenda kupata chanjo za kawaida, wakiwa na umri wa miezi 2, 3 na 9. Malaria ilipungua kwa asilimia 59 na upungufu mkubwa wa damu kwa asilimia 50 katika mwaka wa kwanza wa maisha. Mama hakuhitaji safari ya ziada. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo kwa maeneo ambako vimelea havijawa sugu sana kwa SP.

Chanjo ya malaria

Jaribio la kwanza la chanjo ya malaria kwa watoto wa Afrika wanaoishi penye maambukizi makali lilifanyika Idete. Chanjo ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia, ilijaribiwa kwa watoto 586 wenye umri wa miaka 1 hadi 5. Mwaka 1994 ilitangazwa kwamba ilipunguza malaria kwa asilimia 31. Lakini majaribio ya Gambia na Thailand hayakuonyesha kinga, na jaribio jingine la Ifakara kwa watoto wachanga halikuonyesha pia. Chanjo hiyo iliachwa.

Uzoefu uliopatikana haukupotea. Kituo cha Bagamoyo kilishiriki katika majaribio ya chanjo ya RTS,S, ambayo hatua yake ya mwisho ilihusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, na baadaye ya chanjo ya R21. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023.

Vifo vya watoto Tanzania

Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za kaya, watoto 147 kati ya 1,000 waliozaliwa hai walifariki kabla ya kutimiza miaka 5 katika kipindi kilichopimwa mwaka 1999. Idadi hiyo ilishuka hadi 112 katika utafiti wa 2004–2005 na 43 katika ule wa 2022. Upungufu huo umetokana na mambo mengi, yakiwemo chanjo, vitamini A, dawa bora na huduma zilizosogezwa karibu na wananchi. Vyandarua vyenye dawa ni sehemu ya mambo hayo.

Tazama pia

Ifakara
Mto Kilombero
Malaria
Chandarua