Kugonga kwa injini

Kugonga kwa injini ni mlio mkali wa chuma unaosikika pale sehemu ya mchanganyiko wa petroli na hewa inapojiwakia yenyewe ndani ya silinda, kabla ya kufikiwa na moto ulioanzishwa na plagi. Magari ya kasi huathirika zaidi: mgandamizo wake ni mkubwa, na mengi yana tabochaja inayoshindilia hewa.

Chanzo kikuu ni petroli yenye oktani ndogo, yaani isiyostahimili vya kutosha kujiwakia yenyewe. Kwa mfano, gari za Subaru Impreza WRX STI za soko la Japani ziliundwa kwa petroli inayofikia oktani 100. Zikiletwa Afrika Mashariki, hukuta pampu nyingi zina petroli hafifu kuliko hiyo. Vyanzo vingine ni cheche kuwahi mno, nozeli zilizoziba, masizi juu ya pistoni, plagi zisizofaa na injini kuchemka.

Mwaka 1921 watafiti wa General Motors waligundua kuwa kiambata cha risasi huzuia kugonga. Kwa sababu ya sumu yake kiliondolewa, Algeria ikiwa nchi ya mwisho kukiacha kwenye petroli ya magari, mwaka 2021.

Siku hizi kihisi kwenye injini hunasa mtetemo wa kugonga, kisha kompyuta huchelewesha cheche. Tatizo likipuuzwa, pistoni huweza kutoboka.