Madoa ya Mwamba

Ewe msomaji, ukipita Ikutha wakati wa kiangazi huenda ukaona juu ya mwamba madoa ya kijivu, yaliyokauka kama kigaga cha kidonda. Usiyadharau. Hizo ni likeni, nazo zina uhai.

Zamani wataalamu walidhani kila likeni ni mmea mmoja. Katika mwaka wa 1867 Mswisi Simon Schwendener alitangaza kwamba ni viumbe viwili vinavyokaa pamoja: kuvu hutoa makao, na mwani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Wakubwa wa elimu hiyo walimpinga vikali, lakini baadaye ikathibitika kuwa alisema kweli.

Katika karne ya 19 likeni za pwani yetu ziliuzwa Ulaya kupitia Unguja, zikatoa rangi ya zambarau. Hata rangi ya karatasi ya litimasi asili yake ni likeni.

Likeni huumega mwamba pole pole ukawa udongo. Nyingine hazikui hata milimita moja kwa mwaka. Basi doa ulikwanguaalo kwa dakika moja, labda lilianza kabla babu yako hajazaliwa.