Mawe katika Mrija wa Nyongo: Dalili, Vipimo na Tiba

Mawe ya nyongo yaliyo ndani ya kifuko chake yanaweza kukaa humo miaka mingi bila mwenyewe kuyatambua. Hali hubadilika pale jiwe linapotoka katika kifuko na kushuka kwenye mrija mkuu wa nyongo, ambao kwa mtu mzima kwa kawaida upana wake hauzidi milimita 6 au 7. Mrija huo hupeleka nyongo kutoka kwenye ini hadi utumbo mwembamba, na mwishoni hukutana na mrija wa kongosho. Ndiyo maana jiwe lenye ukubwa wa punje ya mtama huweza kudhuru ini na kongosho kwa pamoja. Miongoni mwa wagonjwa ambao mawe ya kifuko yameanza kuwaletea dalili, inakadiriwa kuwa asilimia 10 hadi 20 huwa na mawe katika mrija pia.

Mawe mengi hutokana na lehemu iliyoganda, na huwapata zaidi wanawake, watu wenye uzito uliokithiri, wazee na waliopungua uzito kwa haraka. Lipo pia kundi ambalo nchini Tanzania halipaswi kusahaulika, nalo ni la wagonjwa wa selimundu. Kwa kuwa seli zao nyekundu za damu huvunjika kwa wingi, rangi iitwayo bilirubini hujikusanya katika nyongo na kufanya mawe meusi, hata kwa watoto. Ugumu ni kwamba wengi wao huwa na macho yenye umanjano kidogo siku zote, na maumivu ya tumbo huwajia mara kwa mara. Jiwe linapoziba mrija, ni rahisi kudhaniwa kuwa ni yale yale ya kila siku. Mzazi anayeona umanjano wa mtoto umezidi ule aliouzoea, au mkojo umekuwa mweusi zaidi, amweleze daktari tofauti hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Maumivu ya jiwe la mrija huanza chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, na huweza kuelekea mgongoni au kwenye bega la kulia. Macho hugeuka manjano, mkojo huwa kama chai ya rangi, choo hupauka, na mwili huwasha. Hapa lugha yetu huleta mkanganyiko: kugeuka manjano ni dalili, ilhali homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Mwenye jiwe hana homa ya manjano, na chanjo yake haimkingi na jiwe.

Mnamo mwaka 1877, daktari Jean-Martin Charcot wa Ufaransa alieleza dalili tatu ambazo zikikutana huashiria maambukizi katika mirija ya nyongo: maumivu ya upande wa kulia, umanjano, na homa yenye kutetemeka. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hufikiriwa kuwa na malaria. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini umanjano na maumivu hayo visiachwe bila maelezo. Akianza kuchanganyikiwa au shinikizo la damu likishuka, ni dharura: huhitaji dawa za kuua bakteria, maji ya mishipani, na njia ya kutoa nyongo iliyokwama. Dawa peke yake mara nyingi haitoshi ikiwa mrija umeziba.

Uchunguzi huanza kwa kipimo cha damu cha utendaji wa ini, kisha altrasaundi. Altrasaundi huona vizuri sana mawe ya kifuko, lakini sehemu ya chini ya mrija hufichwa na hewa ya utumbo. Kwa hiyo majibu yasemayo “hakuna jiwe lililoonekana” hayatoshi kulikanusha. Iwapo mrija umetanuka au bilirubini imepanda, daktari huomba picha ya MRI ya mirija ya nyongo, au altrasaundi inayofanywa kwa endoskopia kupitia kinywani. Katika maeneo yenye minyoo mingi, altrasaundi wakati mwingine huonesha mnyoo ulioingia katika mrija badala ya jiwe.

Tiba kuu ni ile ambayo fomu za hospitali huiandika ERCP. Kifaa chenye kamera hupitishwa kinywani hadi utumbo mwembamba, mlango wa mrija hukatwa kidogo, na jiwe huvutwa kwa puto au kikapu cha waya. Ukataji huo ulianza kuelezwa mwaka 1974 nchini Ujerumani na Japani, na umewaepusha wagonjwa wengi na upasuaji wa kufungua tumbo. Jiwe linalozidi milimita 15 huenda likahitaji kuvunjwa kwanza. Madhara yanayojulikana zaidi ni kuvimba kwa kongosho, na kwa nadra kutokwa damu au kutoboka kwa utumbo; mgonjwa ana haki ya kuelezwa haya kabla ya kutia saini. Pasipo na huduma hiyo, madaktari wa upasuaji huufungua mrija na kuyatoa mawe, ama kwa matundu madogo ama kwa mkato wa kawaida.

Mchanganyiko wa mafuta ya zeituni na limau unaonadiwa kuwa “husafisha nyongo” hauondoi mawe haya. Vibonge vya kijani vinavyoonekana chooni ni mafuta hayo yenyewe yaliyogeuka kama sabuni tumboni.

Baada ya mrija kusafishwa, kifuko chenye mawe kwa kawaida huondolewa, ikiwezekana ndani ya wiki mbili, kwa sababu kikibaki hupeleka mawe mengine. Aliyewekewa bomba la plastiki ndani ya mrija aondoke hospitali na tarehe iliyoandikwa ya kulitoa au kulibadilisha, kwa kawaida ndani ya miezi 3. Bomba hilo huziba, na likiziba homa na umanjano hurudi.