Imani na Matendo: Mtaguso wa Trento Ulifundisha Nini?

Mara nyingi tunasikia watu wakisema: Waprotestanti wanaokoka kwa imani, Wakatoliki kwa matendo. Na wakristu wetu wengine wanalikubali neno hilo. Wanahesabu Misa, rozari na sadaka zao kama mtu anayehesabu feza za kulipa deni. Sisi tunaofundisha wakatekumeni, yatupasa kujua kama Eklezya ilifundisha hivyo kweli.

Mwaka 1517, kule Wittenberg katika Ujerumani, Martin Luther, padri wa shirika la Mtakatifu Augustino, alipinga wahubiri wa rehema. Wahubiri hao walikusanya feza za kujenga basilika ya Mtakatifu Petro huko Roma, na wengine walisema kana kwamba wokovu ni kitu cha kununua. Ubaya huo ulikuwa wa kweli, wala hatuwezi kuuficha. Lakini Luther hakuishia hapo. Alifundisha kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani tu. Alipotoa Agano Jipya katika Kijerumani, mwaka 1522, aliongeza neno lile «tu» katika barua kwa Waroma (3, 28). Na barua ya Mtakatifu Yakobo, inayofundisha kwamba imani pasipo matendo imekufa, hakuithamini.

Mwaka 1541, kule Regensburg, wajuzi wa pande mbili walikutana, na Kardinali Contarini alikuwa mjumbe wa Papa. Juu ya jambo hili walipatana kwa maandiko. Lakini Roma haikuridhika, wala Luther. Tena juu ya Ekaristi na mamlaka ya Eklezya walishindwa kabisa.

Basi Mtaguso Mkuu ulifunguliwa Trento tarehe 13 Desemba 1545. Luther alikufa Februari 1546, kabla ya kusikia jibu. Mababa wa Mtaguso walilishika shauri hili Juni 1546, wakaandika, wakafuta, wakaandika upya, mpaka tarehe 13 Januari 1547. Mmoja aliyesaidia sana kazi hiyo ni Girolamo Seripando, mkubwa wa shirika lile lile la Luther. Hati yao ina sura 16 na kanuni 33.

Kanuni ya kwanza inamhukumu nani? Wengi watajibu: Luther. Sivyo. Inamhukumu yule anayesema kwamba mtu aweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake mwenyewe, pasipo neema ya Mungu kwa Yezu Kristu. Na sura ya 8 yafundisha kwamba imani ndiyo mwanzo na mzizi wa wokovu. Tena kwamba hakuna kitu kinachotangulia, wala imani wala matendo, kinachostahili kutupatia neema ile ya kwanza. Tunapewa bure.

Lakini aliyepewa uhai huo hawezi kukaa tu. Imani pasipo matumaini na mapendo haimuungi mtu na Kristu kikamilifu. Matendo mema yanakuza neema ndani yetu, nayo mastahili yetu ni zawadi za Mungu mwenyewe. Mwembe hauzai ili upate uhai. Unazaa kwa sababu unao uhai. Lakini usipozaa kamwe, mwenye shamba ataukata.

Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, wajumbe wa Eklezya Katolika na wa Walutheri walitia sahihi tangazo la kupatana juu ya msingi wa fundisho hili. Mwaka 2006 Wametodisti, ambao ni majirani zetu hapa Katanga, walijiunga nalo. Maulizo mengine yangalipo, lakini ugomvi wa zamani hauna tena sababu ya kutugawanya vile vile.

Basi, ndugu makatekista, tusiwafundishe watu kuhesabu matendo yao mbele ya Mungu kama wadai. Wala tusimwache mtu aseme «ninaamini» huku jirani yake analala na njaa. Tuwaambie yote mawili, na kwa utaratibu wake: kwanza neema, kisha matunda.